Kabati la chuma la bunduki yangu ya hewa: miezi minane tangu nilinunue

Kabati hili nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries, shilingi 17,000, mbali na nauli ya mkokoteni hadi nyumbani Buruburu. Kilichonisukuma ni mpwa wangu wa miaka sita. Alikuja likizo, nikamkuta amefungua kabati la nguo, mkono uko kwenye kitako cha bunduki. Haikuwa na risasi wala hewa, lakini usiku huo sikupata usingizi.

Bunduki yenyewe ni ya kulenga shabaha ya mita 10, risasi za milimita 4.5, silinda ya hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa). Cheti cha kuimiliki kiko kwa jina langu, na hatari yoyote itakayotokea ni juu yangu.

Kwa uimara sina lalama. Bati ni la milimita 2, bawaba ziko ndani, kufuli ni mbili, na nimelifunga kwa boliti nne kwenye ukuta wa mawe. Rangi imeanza kubanduka huku chini, si kitu.

Shida ilikuwa ndani. Fundi aliweka rafu yenye pengo la kuegemeza mtutu, na mkanda wa mpira wa kuubana. Baada ya wiki tatu risasi zangu zote zilikuwa zinapiga kushoto mwa nilipolenga, karibu milimita 3. Nililaumu macho, nikalaumu risasi, nikabadilisha kopo la risasi. Kumbe ni ule mkanda, ulikuwa unauvuta mtutu pembeni.

Mtutu unaonekana mgumu, ila fimbo ya chuma ukipunguza unene wake kwa nusu, nguvu ile ile itaipinda mara 16 zaidi. Ukirefusha maradufu, mara 8. Wangu ni mwembamba na umeshikwa nyuma tu. Chuma chenyewe kinarudi kilipokuwa. Kinachohama ni pale mtutu unaposhikwa na skrubu. Mtutu wa sentimita 40 ukisogea mdomoni kwa milimita 0.04 tu, risasi inakosea kwa milimita nzima kwenye shabaha. Na katika mchezo huu kila milimita 0.25 inakula 0.1 ya alama. Nilikuwa napoteza zaidi ya alama moja kwa kila risasi kwa sababu ya mahali pa kulaza bunduki!

Nilimrudia fundi. Alinisikiliza vizuri, akakata ile rafu, akaweka egemeo la mbao lililovikwa blanketi, linaloshika mbao ya mbele ya bunduki. Uzito wote uko kwenye kitako, juu ya kipande cha mpira. Mtutu haugusi chochote. Alinitoza 1,200. Nikakaza skrubu, nikarekebisha sait (kile cha kulengea), na hadi leo haijahama.

Sponji sikuweka makusudi. Ile ya kasha la awali ilinyonya unyevu wakati wa mvua za masika na nikakuta kutu mdomoni. Sasa natumia vipakiti vya kukausha unyevu.

Silinda naitoa kwenye bunduki na kuiweka kando, risasi ziko kwenye kisanduku chenye kufuli yake, uzi wa usalama, wa kuonyesha kwamba hakuna risasi, umepita ndani ya mtutu, funguo ninatembea nazo. Silinda usiiache kwenye gari juani: bar 200 kwenye nyuzi 20 inafika kama 220 kwenye nyuzi 50.

Fundi bado ana vipimo vyangu kwenye daftari lake. Ukimwendea, mwambie mapema kabisa asiweke chochote cha kushika mtutu.