Diski ya iPod imekufa: ununue nini badala yake?

iPod ya zamani ikianza kugonga tik-tik ndani, na skrini ikaleta picha ya folda yenye alama ya mshangao, mara nyingi kilichokufa ni diski tu. Skrini, gurudumu na sauti bado ni vizima. Hapa Kisumu kuna watu waliojaza humo benga, ohangla na rumba walizohamisha kutoka kwenye CD na kaseti, nyimbo nyingine huwezi kuzipata popote mtandaoni. Kifaa cha namna hiyo ni cha kufufuliwa.

Kama diski bado inasoma, hata kwa kusuasua, nakili nyimbo kabla ya kununua chochote. Unganisha iPod na kompyuta, ruhusu faili zilizofichwa zionekane, kisha fungua folda ya iPod_Control na ndani yake Music. Humo mna vifolda, na ndani yake utakuta faili zenye majina ya herufi nne yasiyo na maana. Usiogope: jina la wimbo na la msanii kwa kawaida yamo ndani ya faili yenyewe, na programu ya muziki itayasoma.

Sasa geuza kifaa usome modeli mgongoni. A1136 ni kizazi cha tano, cha 2005 na 2006. A1238 ni Classic, ya 2007 hadi ilipoachwa kuuzwa mwaka 2014. Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Classic za mwanzo, yaani ya GB 80, ya GB 120 na ile nene ya GB 160, hazitumii zaidi ya GB 128 kwa programu ya Apple yenyewe. Ile nyembamba ya GB 160 iliyotoka 2009 haina kizuizi hicho. Na A1136 ya GB 30 ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 32 pekee, kwa hiyo ukiijaza nyimbo kupita takriban 20,000 huanza kujizima na kujiwasha.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni adapta ya kadi moja ya SD inayokaa mahali pa diski, kama iFlash Solo, pamoja na kadi halisi ya GB 128. Hakuna kinachozunguka ndani, kwa hiyo betri hudumu zaidi na mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara mbovu hauna cha kuvunja. Wimbo wa dakika nne wa kbps 256 huchukua karibu MB 8, kwa hiyo kadi hiyo hubeba nyimbo zipatazo 15,000. Usilipie kadi ya kasi kubwa iliyotengenezewa kamera za video, kwa sababu iPod huzungumza na kompyuta kwa USB 2.0 na kasi hiyo haitaiona.

Adapta itabidi uagize kutoka nje, basi weka kando pesa za usafirishaji na ushuru. Zipo za bei ya chini zisizo na jina. Mimi singezigusa kwa Classic, maana kifaa kinaweza kuwaka vizuri halafu kikagoma katikati ya kuhamisha nyimbo.

Kadi unaweza kununua mjini, na hapo ndipo pa kufungua macho. Kadi feki huandikwa GB 128 ilhali ndani ina nane, na hukubali faili zote kimya kimya huku ikizifuta za mwanzo. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikishindwa jaribio utairudisha, na weka risiti. Nyumbani, ipime kwa programu ya kukagua kadi: H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Jaribio huchukua saa kadhaa. Lifanye lote, usilikatize.

Nafasi ya pili naipa iFlash Quad, inayochukua microSD nne na kuziunganisha ziwe diski moja. Inamfaa mwenye Classic ya 2009 anayehifadhi muziki usiobanwa. Ila kadi moja ikiharibika, mkusanyiko mzima hukwama, na sasa una kadi nne za kukagua badala ya moja.

Ya tatu ni SSD ya mSATA, diski ndogo ya kompyuta isiyozunguka, kwenye adapta yake. Inafanya kazi, lakini nyingi hula umeme kuliko kadi, na betri iliyozeeka itakulilia.

Diski ya mtumba inayozunguka naiweka mwisho kabisa. Imezeeka sawa na ile iliyokufa. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Mwenye iPod mini, A1051, ana bahati yake: ndani mna nafasi ya CompactFlash, kadi za zamani kubwa kuliko SD, na kadi ya aina hiyo huingia moja kwa moja bila adapta.

Agiza na betri mpya pamoja na adapta, kwa kuwa kifuniko cha Classic kimebanwa kwa meno ya chuma na hutataka kukifungua mara mbili. Ukimpa fundi wa simu, mwambie utepe wa diski una kufuli ndogo ya kuinua taratibu kwa ukucha, si kuvutwa. Ukipanga kutumia Rockbox, programu huru inayochukua nafasi ya ile ya Apple, rejesha iPod kwa iTunes kwenye Windows, si Mac, ili iumbizwe kwa FAT32, mpangilio wa faili ambao Rockbox inausoma.