Umemaliza dozi, tumbo halijatulia: nini cha kununua Dar na nini cha kuacha dukani

Ukimaliza zile siku 14 za dozi ya vidonda vya tumbo, antibayotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, vidonda vinaweza kuwa vimepona na tumbo likawa bado halijawa lako. Linajaa gesi kila jioni, choo kinabadilika, leo kigumu kesho maji. Dawa imeua bakteria uliowakusudia na ikafyeka wengine wengi waliokuwa wakikufanyia kazi kwenye utumbo mpana. Hapo ndipo wengi wetu tunarudi famasi kwa mara ya pili kuuliza "kitu cha kurudisha tumbo".

Mimi niliuziwa boksi la vidonge kwa bei iliyoniuma. Lilikuwa shelfu ya dirishani, panapopiga jua la alasiri. Juu yake paliandikwa bakteria bilioni 50, lakini bilioni 50 wa aina gani haikusemwa popote. Nilimeza boksi zima bila kuona tofauti. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kujaribu jikoni, na orodha hii ndiyo ningependa mtu anipe siku ile kabla sijatoa pochi.

Napanga kwa kuuliza mambo matatu. Je, hao bakteria wako hai wanapokufikia? Je, wanajulikana kwa jina na kwa kazi? Na wakishafika, watakula nini? FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walipokaa Córdoba, Argentina, mwaka 2001 kueleza probiotiki ni nini, walisema ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, vinampa faida ya kiafya anayevitumia. Kilichokufa hakimo humo, hata boksi lake likiwa zuri namna gani. Swali la tatu ndilo wauzaji hawaligusi, na kwangu ndilo limebadilisha nafasi ya kwanza.

Nafasi ya kwanza: maharage na ndugu zake wote

Najua ulitegemea mtindi. Lakini bakteria wa mtindi ni wageni, wanapita. Wenyeji waliobaki utumboni baada ya dozi wanahitaji kulishwa, na chakula chao ni nyuzinyuzi, yaani makapimlo, sehemu ya mmea ambayo wewe huwezi kuisaga, kwa hiyo inafika chini ikiwa nzima.

Ushahidi ulionigusa zaidi umetoka hapa hapa nyumbani. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77. Waliozoea chakula cha kijijini (maharage, mboga za majani, ndizi, nafaka zisizokobolewa) walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha mjini cha kukaanga na cha viwandani. Damu yao ikaonyesha mwili ulioingia kwenye hali ya mapambano, kana kwamba una uvimbe usioonekana, na kinga ikalegea. Waliofanya safari ya kinyume, kutoka chipsi kwenda kwenye ndizi na maharage, walipata nafuu. Sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! Sisi wa Dar tunaishi kwenye kile chakula cha pili miaka na miaka, kisha tunashangaa tumbo.

WHO mwaka 2023 ilitaja angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15 hivi, kwa hiyo nusu ya safari umeshaimaliza kwa mlo mmoja. Mbaazi za nazi za asubuhi ni chakula bora kabisa cha bakteria. Punguza tu andazi la pili. Choroko na kunde vilevile. Unga nunua dona badala ya sembe, na ukiweza nunua mahindi Tandale ukasagishe mwenyewe, maana dona iliyokaa muda mrefu dukani huanza kuwa chungu kwa sababu ya mafuta ya kiini. Ndizi mbichi nenda Mabibo asubuhi. Vitunguu huna haja ya kuambiwa.

Ubuyu unastahili aya yake. Nazungumzia unga mweupe wa ubuyu, unaokaribia nusu ya uzito wake kuwa nyuzinyuzi. Vijiko viwili kwenye uji au kwenye mtindi vinatosha. Ule mwekundu wenye sukari na rangi unaouzwa kwenye vipakiti ni pipi. Mimi naupenda, lakini siuiti tiba.

Na kiporo. Wali au viazi vikipikwa kisha vikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa wanga sugu, ule unaofika kwa bakteria bila kusagwa njiani. Kwa hiyo wali wa jana na maharage ni kifungua kinywa kizuri kwa tumbo, kwa sharti moja zito: uwe umelala kwenye friji, si kwenye sufuria juu ya jiko. Wali ulioachwa nje kwenye joto la Dar huotesha bakteria wanaotoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Umeme ukikatika usiku kucha, umwage.

Anza polepole. Aliyekuwa hali maharage akianza na bakuli mbili kwa siku atavimba gesi na kusema yamemdhuru. Nusu kikombe kwa wiki ya kwanza, maharage yakiwa yamelowekwa usiku na maji ya kulowekea yamemwagwa, kisha unaongeza.

Nafasi ya pili: mtindi na yogati isiyo na sukari, iliyo hai

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwagawa watu wazima 36 makundi mawili kwa wiki kumi. Kundi lililokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi liliongeza aina za bakteria tumboni, na dalili za uvimbe kwenye damu zikashuka. Kundi la nyuzinyuzi peke yake halikuongeza aina hizo kwa muda ule. Ndiyo maana naziona nafasi hizi mbili kama mke na mume, nikiweka maharage mbele kwa sababu ya bei na kwa sababu ndiyo tuliyoyaacha.

Kama maziwa freshi yanakusokota tumbo, mtindi unaweza kukukubali. Bakteria wamekwishakula sehemu ya sukari ya maziwa, na waliobaki hai wanaendelea kukusaidia kuisaga ukishameza.

Kwenye majokofu ya Dar utakutana na Tanga Fresh, Asas na wengine, pamoja na maziwa mgando ya glasi kwenye vibanda vya mtaani. Soma viambato: maziwa na kimea cha bakteria, basi. Wanga, rangi na sukari zikianza kupanga foleni, weka chini. Tafuta alama ya TBS na tarehe. Pakiti iliyovimba iache. Chukua mtindi mwisho kabisa wa manunuzi yako, na kama unapanda daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala saa kumi jioni, nunua karibu na nyumbani. Kwa vibanda, uliza jambo moja tu: maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, na kuganda hakutoshi kuviondoa.

Lakini utajuaje kama kilichomo bado kiko hai? Kuna bidhaa zinazopashwa moto baada ya kuganda ili zidumu nje ya friji, na hapo bakteria wanakufa wote. Mimi hutumia hotipoti. Chemsha lita moja ya maziwa vizuri. Kama unajaribu yogati, yaache yapoe hadi kidole kiweze kukaa ndani huku ukihesabu hadi kumi, koroga vijiko viwili vya hiyo yogati, funika kwenye hotipoti na uizungushie kitenge kwa saa 6 hadi 8. Kama ni mtindi, acha maziwa yapoe kabisa, bakteria wake hawapendi joto hilo, kisha yaache usiku kucha. Pembeni weka kikombe cha maziwa yaleyale bila kuongeza kitu, kwa vyombo safi. Asubuhi hotipoti ikiwa imeganda vizuri na kikombe bado ni maziwa, ulichonunua kiko hai, na sasa una lita nzima kwa bei ya maziwa. Vyote vikibaki maji, umejua. Vyote vikiganda, mwaga: kuna mdudu mwingine ameingia.

Jambo ambalo wauza dawa wengi hawasemi: antibayotiki za doksi (doxycycline) na sipro (ciprofloxacin) usizimeze na mtindi wala maziwa. Kalsiamu huikamata dawa isiingie mwilini. Tenganisha kwa saa mbili na zaidi.

Nafasi ya tatu: togwa

Moyoni ningeiweka ya kwanza. Mama mkwe wangu anaitengeneza kwa uji wa mahindi na kimea cha ulezi, na hakuna siku nimeinywa tumbo likalalamika. Miaka ya 1990 watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano walipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13, na vipimo vikaonyesha bakteria waharibifu wamepungua kwao kuliko kwa waliopewa uji wa kawaida. Asidi inayotokana na kuchachuka inawafukuza. Hata ule utafiti wa Kilimanjaro ulikuwa na kundi lililokunywa mbege kwa wiki moja na likapata nafuu. Simwambii mtu akanywe pombe. Togwa ni ndugu wa mbege kwa ulezi na uchachu, ila inanyweka kabla kileo hakijapanda.

Kilichoishusha ni namna inavyouzwa mjini. Chupa za maji zilizookotwa, maji ya kupozea yasiyojulikana, jua la barabarani. Kipindupindu hakiangalii nia njema. Inunue kwa mtu unayejua jiko lake, au nunua kimea utengeneze. Iliyokaa siku tatu bila friji imekwishageuka pombe.

Nafasi ya nne: vidonge

Sivikatai, ila vina kazi yake maalumu. Vinavyoeleweka zaidi ni viwili: Saccharomyces boulardii na Lactobacillus rhamnosus GG, na kazi yao bora ni kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, vikianzwa pamoja na dozi, si baada ya mambo kuharibika. Cha kwanza ni hamira, kwa hiyo antibayotiki haikiui, lakini dawa ya fangasi inakiua. Cha pili ni bakteria, kwa hiyo meza saa mbili baada ya antibayotiki.

Boksi lazima litaje jina kamili hadi herufi za mwisho, kama hiyo GG, na idadi ya walio hai, yaani CFU, hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Likisema "wakati wa kutengenezwa" halijakuahidi kitu kwenye mji wa nyuzi joto 32. Gawanya bei kwa siku utakazotumia, kisha linganisha na nusu lita ya mtindi.

Kwa kumeza mchanganyiko wowote baada ya dozi ili "kujaza nafasi", nina wasiwasi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliona waliofanya hivyo walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko ambao hawakutumia chochote. Na mwenye kinga dhaifu sana, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, au mtoto njiti, asipewe bila daktari.

Nafasi ya tano: yogati tamu za vikombe

Za mtoto baada ya shule, sawa. Si za kurudisha tumbo.

Ambavyo sivipi nafasi

Dawa za kusafisha utumbo, chai za kutoa sumu, unga unaoletwa ofisini na mtu wa mtandao wa mauzo. Nyingi ni za kuharisha tu. Unatoka chooni mwepesi, unaona umepona, kumbe umewafukuza hata wachache waliobaki. Ukitumia mara kwa mara utumbo unaweza kuzizoea.

Mtoto anayeharisha ni habari nyingine kabisa. Yeye anahitaji ORS, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 za zinki kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita, na aendelee kunyonya. Usihangaike na orodha yangu.

Na kwa mtu mzima: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, homa, kupungua uzito bila sababu, au kuharisha kulikopita wiki mbili, usinunue chochote, nenda hospitali. Ukifika mtajie daktari kila dozi uliyomeza miezi mitatu iliyopita, pamoja na zile ulizonunua bila cheti.