Franchaizi ya mgahawa Tanga: mafunzo mazuri, mkataba mzito

Kampuni moja kutoka Dar es Salaam, inayouza franchaizi, yaani haki ya kuendesha mgahawa wa kuku wa kukaanga na sharubati kwa jina lake, inatafuta wanunuzi jijini Tanga, nami kwa kuwa nina fremu Ngamiani nimepitia mpango wake hadi hatua ya kutia saini. Kampuni hupokea wapishi wa mnunuzi kwa mafunzo ya awali kabla ya mkataba, na hapo inastahili sifa: wapishi wangu walirudi wakijua kupima viungo, kubadilisha mafuta kabla hayajachakaa na kutenganisha ubao wa nyama mbichi na ule wa matunda. Hati ya usajili wa alama ya biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, nayo nilionyeshwa mara nilipoiomba.

Mkataba wenyewe ndio unaonipa shaka. Ada ya kila mwezi ni asilimia 6 ya mauzo ghafi, si ya faida, kwa hiyo mgahawa ukiuza kwa shilingi milioni 10 utatoa 600,000 hata kama pango, mishahara, umeme na mafuta ya kupikia vimemaliza kilichobaki. Kifungu cha saa za kazi kinataka milango iwe wazi kuanzia saa tatu asubuhi kila siku ya mwaka, bila kuitaja Ramadhani, ilhali kila mkazi wa Tanga anajua kwamba mwezi huo biashara ya chakula huanza alasiri, watu wanaponunua futari. Kinachonisikitisha zaidi ni sharti la kutengeneza sharubati kwa juisi iliyokolezwa, inayoletwa kwa madumu kutoka makao makuu, wakati Muheza, jirani yetu kabisa, machungwa hujaa barabarani kila msimu.

Nchini Marekani kanuni ya serikali kuu humlazimu muuzaji wa franchaizi kumkabidhi mnunuzi waraka wa taarifa, wenye ada zote, kesi zilizopo na mawasiliano ya wenye migahawa wa sasa, angalau siku 14 kabla ya saini au malipo, na baadhi ya majimbo, California likiwamo, hudai pia usajili kabla haki hiyo haijauzwa. Tanzania hatuna sheria mahsusi ya franchaizi; tunategemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kwa hiyo ahadi tamu ya mdomoni ni vigumu kuidai baadaye. Mimi nilipewa mkataba Ijumaa nikatakiwa kulipa ada ya kuingia Jumatatu, muda ambao hautoshi hata kumpata wakili.

Nimeiandikia kampuni nikiomba saa za Ramadhani zibadilishwe, matunda ya Muheza yaruhusiwe kwa vipimo vyao wenyewe, na nipewe namba za wamiliki wa migahawa yao mingine. Majibu yakija kwa maandishi, nitatia saini.