Msumari wa SIGN kwenye paja: uzoefu wangu baada ya ajali ya bodaboda

Nilivunjika paja la kulia nikiwa abiria wa bodaboda, gari dogo lilipotugonga ubavuni. Watu wengi wenye ndugu waliolazwa huniuliza kama "kuwekewa vyuma" kunafaa. Mimi niliwekewa msumari wa SIGN, na ninaupendekeza.

Ni fimbo ya chuma cha pua. Inapitishwa ndani ya mfupa wenyewe, kisha inakazwa kwa skrubu juu na chini ya palipovunjika. Daktari hulenga matundu ya skrubu kwa kifaa kinachoshikizwa nje ya mguu, kwa hiyo hahitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa hospitali zetu hilo ni jambo kubwa mno. Shirika linaloutengeneza, liitwalo SIGN, lilianzishwa Marekani mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle. Hospitali hupewa misumari bure, nazo hutuma picha za eksirei za wagonjwa ili ziletewe mingine.

Kabla ya upasuaji nililazwa mguu ukivutwa kwa uzito. Anayetibiwa kwa njia hiyo peke yake hulala chali wiki sita na zaidi, huku familia ikimgeuza na kumwogesha, na vidonda vya mgongo vikimnyemelea. Mimi baada ya msumari nilisimamishwa kwa magongo mapema, nikaenda msalani mwenyewe. Heshima ile siwezi kuipimia bei.

Wajomba zangu walitaka nipelekwe kwa mganga wa kuunga mifupa. Tafadhalini, kwa paja msifanye hivyo. Paja likivunjika damu inaweza kuvujia ndani zaidi ya lita moja bila tone kuonekana nje. Mguu ufungwe usichezecheze, mtu akimbizwe hospitali.

Sasa ubaya wake. Wangu uliingizwa kupitia gotini, na goti likakakamaa vibaya. Mazoezi ya kulikunja yaliniliza kuliko kidonda chenyewe, na asiyeyafanya anaweza kubaki na mguu ulionyooka kama mti ilhali mfupa umeunga vizuri. Pia msisikie neno "bure" mkaja mikono mitupu: msumari ndio wa bure, lakini upasuaji, vipimo, dawa na kitanda vina bili yake. Ulizeni mapema, na kama mna bima ulizeni inalipia nini.

Kwenye kliniki niliambiwa nichuchumae nitabasamu, nipigwe picha. Ndivyo madaktari wanavyowaonyesha wenzao wa SIGN kwamba mfupa umeunga na goti linakunja. Nilichuchumaa hadi chini, na machozi yakanitoka.

Kuhusu kuutoa, daktari alisema usiponisumbua unaweza kukaa humo maisha yangu yote. Baridi ikizidi goti huuma kidogo, basi. Nimeuacha.