Rimu kuingia si kukaa: ununue zipi kwa gari la spoti Dar

Mwuza rimu wa Gerezani ana neno moja la kukutuliza: "Inaingia hiyo, bosi." Na kweli itaingia. Hata zangu za kwanza ziliingia kwenye Toyota Altezza yangu, nati tano zikafungwa, nikaondoka kifua mbele. Jumamosi yake nikapakia watu watatu kwenda Goba. Kila tuta, tairi za nyuma zikawa zinakula madigadi. Ukijumlisha kukunja madigadi, tairi mbili zilizochanika ubavu na hasara ya kuziuza zile rimu, ningekuwa nimenunua seti nzuri na chenji ikabaki.

Kwa hiyo kabla ya kupanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, kuna namba za kuandika kwenye simu yako kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo.

Ya kwanza ni PCD, yaani idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha mduara wake. Altezza, Toyota Mark X na Nissan Fairlady Z zote ni 5x114.3, yaani matundu matano kwenye mduara wa milimita 114.3. Subaru ndiyo inayovuruga watu: Impreza WRX ya 2000 hadi 2007 ni 5x100, lakini STI, toleo lake kali zaidi, ilihamia 5x114.3 kuanzia modeli ya 2005. Mtu anaona nembo ya STI, analipa, anafika gereji, haziingii hata kwa dua. Toyota 86 na BRZ ni 5x100. Rimu za Benz mara nyingi ni 5x112, na ukizilazimisha kwenye Mark X nati zitashika kwa upande. Milimita 2.3 zinaonekana ndogo mpaka rimu ianze kucheza ukiwa Barabara ya Bagamoyo.

Ya pili ni tundu la katikati. Habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu hukalia, kwa Subaru ni milimita 56.1, ya Altezza na Mark X ni 60.1, ya Fairlady ni 66.1. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, tafuta pete ya kujazia nafasi, la sivyo usukani utatetemeka na balansi haitasaidia. Likiwa dogo, achana nalo. Rimu za Toyota Wish ni 5x100 na zimejaa mjini, ila tundu lake ni 54.1, kwa hiyo hazikai kwenye Subaru. Fundi atajitolea kuzichonga kwa grainda. Mshukuru, uondoke.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza mimi: ofseti. Ni umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Ikiongezeka, inaingia ndani kuelekea shokapu. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na rimu ya inchi 17, upana 7J (yaani inchi 7), ofseti +50. Mimi nilinunua 8J, ofseti +35. Inchi moja ya ziada inagawanywa pande mbili, milimita 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka kwa 15. Ukingo wa nje ukatoka 12.7 + 15, karibu milimita 28, huku ndani ukisogea mbali na shokapu kwa milimita 2 tu. Ningechukua 7.5J yenye +45, nje ingetoka milimita 11 hivi na ndani ingeongezeka 1 na kidogo. Hiyo inakaa, inajaza madigadi vizuri, na unapakia shemeji bila wasiwasi. Namba hizi hupigwa mhuri nyuma ya rimu, kwenye mikono au karibu na matundu ya nati: 17x7.5JJ +45. Muuzaji akikataa kuigeuza, una jibu lako.

Nati: Toyota hutumia uzi wa M12x1.5, Subaru na Nissan M12x1.25. Rimu nyingi za spoti zinataka nati ya koni, na baadhi ya nati za kiwandani za Toyota zina washa bapa. Usizichanganye.

Ukubwa sasa. Kwa jiji hili mimi nasema inchi 17, na nimechoka kubishana. Tairi ya 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17) ina ubavu wa karibu milimita 97. 215/40R18 ina 86. Kipenyo kizima kinatofautiana kwa milimita 4 tu, spidomita haitadanganya sana, lakini hiyo sentimita moja ya mpira iliyopungua ndiyo ingepokea shimo badala ya rimu. Anayekaa Masaki aweke 18 akitaka. Wa Goba, Kimara ndani na Chanika, 17. Mwenye STI ya breki kubwa za Brembo asishuke 16, kalipa, yaani kibano cha breki, itagusa.

Haya, mpangilio wangu, kuanzia ninayoinunua kwanza.

Namba moja ni rimu za kiwandani za ndugu wa gari lako. Hazina sifa mtaani, najua. Lakini mwenye WRX akipata za STI ya 2001 hadi 2004, zenye 5x100, anapata 7.5J inayokaa bila pete wala spesa ya kusogeza rimu nje, na breki kubwa akiweka baadaye zina nafasi. Bei huwa ya kistaarabu kwa sababu vijana wanakimbilia mng'ao.

Zinazofuata, nyuma kidogo tu, ni rimu za chapa kubwa zilizotumika: Enkei, Rays na Work za Japani, na hata BBS ya Ujerumani. Rays TE37 ipo tangu 1996 na ni ya kufuliwa, yaani madini yake yamegandamizwa kwa nguvu, si ya kumiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana ni nyepesi na ngumu, na ndiyo maana inaigwa kuliko zote. Tafuta alama za JWL na VIA, mihuri ya Japani ya ubora wa rimu, ila mhuri nao unaigwa, kwa hiyo macho yako yasiishie hapo. Pitisha kidole ukingo wa ndani wote. Rangi mpya ndani ya rimu ya zamani huficha weldingi. Kisha zizungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, zote nne. Nimewahi kukuta mbili zikipepea kama feni ya mkutano wa kijiji.

Za tatu ni mpya za kumiminwa za chapa inayojulikana. Ni nzito kidogo, lakini namba zake unazichagua mwenyewe.

Kopi za TE37 zisizo na jina naziweka mbali chini. Zinapendeza kwenye picha. Shimo moja la usiku wa mvua, ukingo umekuwa yai.

Chini kabisa ni rimu iliyopigwa weldingi, na ile ya PCD tofauti inayofungwa kwa adapta ya bei poa, kile kipande cha katikati cha kubadili matundu. Hizo hata za bure sizitaki.

Ukishapata unazozitaka, omba kujaribisha moja bila tairi, mbele na nyuma. Mbele zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Nyuma pandisha gurudumu kwa jeki mpaka springi ibanike, uone kama kidole kinapita kati ya rimu na shokapu. Ukifunga tairi, nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha ukaze tena baada ya kilomita 80 hivi. Mwuzaji wangu wa pili alikubali yote hayo, akaniletea hata kigoda na chai. Yule wa kwanza alisema tu inaingia.