Uzoefu wangu wa kuagiza meno ya kale ya jamaa wa aligeta

Kwa yeyote hapa Mombasa anayefikiria kununua visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kupitia intaneti, napenda kueleza nilivyohudumiwa na muuzaji mmoja wa Marekani aliyeniuzia meno matatu ya Brachychampsa, mtambaazi wa jamii ya aligeta, ndugu wa mamba, aliyeishi Montana miaka milioni 66 hivi iliyopita, zama moja na dinosaria Tyrannosaurus na Triceratops. Nililipa shilingi 6,000 pamoja na gharama ya kusafirisha, na kifurushi nilikichukua Posta Kuu, Digo Road, bila usumbufu wowote.

Meno yenyewe yameniridhisha sana. Lile la nyuma ya taya halikuchongoka hata kidogo. Ni fupi, jeusi, la mviringo mfano wa punje ya mbaazi, na kileleni limelika kwa kutumika. Umbo hilo lafaa kuvunjia vitu vigumu, kama vile magamba ya kasa na ya konokono. Nilipoligeuza niliona shimo mahali ambapo ningetarajia mzizi, nikafurahi, kwani hiyo ndiyo dalili ya jino lililong'oka lenyewe mnyama akiwa hai. Aligeta, sawa na mamba wetu wa Mto Tana, huota meno mapya maisha yake yote: jipya hukua chini ya la zamani, mzizi wa la zamani ukaliwa taratibu, hatimaye likaanguka. Ndiyo sababu meno haya hupatikana kwa wingi, na anayeyatangaza kuwa adimu hastahili kuaminiwa.

Muuzaji alinithibitishia kwa maandishi kwamba yalichimbwa katika shamba la mtu binafsi, jambo nililolitaka kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inakataza kuchukua visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo katika ardhi ya serikali kuu bila kibali.

Kasoro iko kwenye lebo. Mbili zimetaja tabaka la miamba la Hell Creek, la huko Montana, pamoja na kaunti, lakini ya tatu imeandikwa "jino la mamba, Marekani" basi. Meno ya mamba wa zama mbalimbali hufanana mno, hivyo pasipo mahali lilipotoka, jino hilo haliwezi kumfundisha mwanafunzi lolote la hakika. Nilipouliza nilijibiwa kwa heshima, ila taarifa zenyewe hazikuwapo.

Sasa muuzaji ananishawishi ninunue jino la Deinosuchus, mamba wa kale, jitu la mita 10 na zaidi, kwa bei kubwa. Sitalipa mpaka nipate picha ya kitako cha jino hilo na jina la kaunti.