Uzoefu wangu: Draiva ya sauti kwenye Toshiba Libretto 50CT

Libretto 50CT ni kompyuta ya mwaka 1997 yenye kioo cha inchi 6.1, uzito wa gramu 850, Pentium ya MHz 75 na RAM ya MB 16 inayoweza kuongezwa hadi 32. Ukiifuta na kuweka Windows 95 upya, itawaka vizuri lakini itabaki bubu. Chipu yake ya sauti ni Yamaha, jamii ya OPL3-SAx, na draiva yake (programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu) ndiyo ya kutafuta.

Mashine haina sehemu ya CD, na floppy yake inachomekwa kupitia PCMCIA, yaani tundu la kadi za ziada. Kwa hiyo nimeondoa diski ya zamani na kuweka kadi ya kumbukumbu ya CF (CompactFlash) ya GB 4 kwa adapta ya pini 44 ya IDE, kiunganishi cha diski. Hapa Dodoma sikuipata adapta hiyo madukani. Iliagizwa Kariakoo ikaja kwa basi. Panga pini namba 1 kwa uangalifu, maana ukiteleza safu moja umeme unaingia pasipo pake. Na kiangazi chetu ni kikavu mno: gusa chuma kilichoungwa na ardhi kabla ya kushika bodi, na usiifungue mlango ukiwa wazi vumbi likipita.

Kabla ya kurudisha CF, ichomeke kwenye kompyuta mpya kwa kisomeo, unakili faili zote za CAB (vifurushi vya usakinishaji) za Windows 95 kwenye folda C:\WIN95 na draiva kwenye C:\YAMAHA. Ukiruka hatua hii, usakinishaji utafika katikati na kudai CD usiyokuwa na pa kuiweka. Wakati wa kugawa diski, acha MB 40 tupu mwishoni. BIOS, programu ya msingi ya mashine, huandika hapo yaliyomo kwenye RAM mashine inapolala, na kama sehemu uliyogawa imefika mwisho wa diski, itafuta faili zako bila onyo.

Chomoa kadi ya mtandao, kisha sakinisha draiva kutoka C:\YAMAHA. Ndani ya Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) hakikisha namba hizi: IRQ 5 (laini ambayo kifaa huitia kichakataji), DMA 1 na 0 (njia za kupitisha data bila kichakataji), anwani 220 ya Sound Blaster, 530 ya Windows Sound System, 388 ya FM (muziki unaotengenezwa na chipu yenyewe), 330 ya MIDI na 370 ya udhibiti. Kadi ya mtandao ikibaki ndani, mara nyingi hunyakua IRQ 5 kwanza, na sauti inapata alama ya mshangao ya njano. Watu hulaumu draiva na kusakinisha mara tano, kumbe tatizo ni mgongano. Irudishe kadi baadaye na uipe IRQ 10 kwa mkono.

Kwa michezo ya DOS, andika kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazosomwa mashine inapowaka:

SET BLASTER=A220 I5 D1 T4

Kwenye mchezo chagua Sound Blaster Pro. Usichague Sound Blaster 16, chipu hii haiiigi.

Sikiliza kwa makini, kwa sababu kosa lenyewe hujitaja. Muziki ukipiga lakini milio ya risasi na sauti za watu hazipo, FM ni nzima: yenyewe haihitaji IRQ wala DMA, kwa hiyo kagua hizo mbili. Kipande kifupi cha sauti kikijirudia-rudia kama kaseti iliyokwama, IRQ uliyoandika siyo ile ya chipu. Mchezo unangoja ishara isiyofika. Kimya kabisa hata kwa muziki? Fungua kidhibiti cha sauti karibu na saa uone kama kuna tiki ya kunyamazisha, kabla hujagusa kitu kingine.

Spika ni ndogo na haina besi. Muziki wa FM, hata hivyo, unatoka safi kabisa, na kwa michezo ya miaka ya 1990 naipendekeza mashine hii bila kusita.